Nyeupe Bado Nyingi

12 Oktoba

Nimefika Same saa tisa alasiri, na upepo wa huku umenipokea kwa kunijaza mchanga mdomoni. Baba alikuwa kibarazani. Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba. Nani huyo?" Binti yake wa pekee, na Mama tumemzika Machi tu, ananiuliza mimi ni nani. Nikamjibu kwamba ni mgeni. Akasema, "Aa, Jenifer. Una sauti ya kisirani kama ya bibi yako." Hiyo ndiyo karibu niliyopewa, na begi nimeliingiza ndani mwenyewe.

Naandika kwa sababu humu ndani sina wa kuongea naye. Nimekuja kwa jambo moja. Mama alilazwa Gonja wiki tatu, huko kwao milimani, na Baba hakupanda hata siku moja kumwona. Kuna basi la kila asubuhi. Kila aliyeuliza aliambiwa mzee ana kazi, na Mama mwenyewe kitandani aliniambia hivyo hivyo, "Baba yako ana kazi, mwanangu, usimsumbue." Kazi gani? Mzee amestaafu jeshi zamani, na shughuli yake ni kuunga vindege vya plastiki kwa gundi na kuvipaka rangi. Siku ya mazishi alikuja na gari la kaka yangu Rodgers, akasimama kando kama mpita njia. Watu wote walitupa udongo kaburini, hata watoto. Yeye hakutupa.

Nataka aniambie kwa mdomo wake kwa nini hakwenda. Mkataba wangu wa Arusha umekwisha, muda ninao. Akishaniambia nitaondoka, na sidhani kama nitarudi tena nyumba hii.

13 Oktoba

Nimemuuliza. Amesema makande hayana chumvi.

14 Oktoba

Nimemuuliza tena. Ameongeza sauti ya redio.

16 Oktoba

Leo amenipata. Aliniita kwenye chumba chake cha ndege, chumba ambacho tulipokuwa watoto tulichapwa tukikikaribia. Ndege zimejaa kwenye rafu na nyingine zinaning'inia darini kwa nyuzi. Alikuwa fundi wa ndege jeshini, akapelekwa Urusi kusomea ufundi akiwa kijana, na huko ndiko alikookota ugonjwa huu wa ndege ndogo. Mezani kulikuwa na moja iliyoungwa vizuri lakini haijapakwa, ya kijivu tupu, imeshika vumbi.

"Unataka jibu," akasema. "Basi nimalizie hii. Siku itakapokuwa sawasawa, nitakujibu neno kwa neno."

"Kwa nini usiimalizie mwenyewe?"

"Mikono inatetemeka."

Akaninyooshea mikono niione. Ilikuwa imetulia kabisa. Uongo wa mchana kweupe, lakini nimekubali, kwa sababu nimechoka kuuliza ukuta.

Maelezo yake ndiyo haya. Kwenye chuo chao, langoni, ilisimama ndege kuukuu ya vita. Theluji ya kwanza ikidondoka, wanafunzi walipewa ndoo na mifagio waipake nyeupe, kama Warusi wenyewe walivyofanya wakati wa vita, ili rubani wa adui akiangalia chini asiitofautishe na theluji. Rangi yenyewe ilikuwa kama chokaa yetu, inapakwa juu ya mabaka ya kijani na haishiki sana. Majira ya baridi yakielekea kwisha ilikuwa imebanduka, kijani kinachungulia huku na huku. Baba anaitaka ndege ya mwezi huo wa mwisho.

"Kuipaka nyeupe hata mtoto anaweza," akasema. "Kazi ni kuichakaza."

22 Oktoba

Kijani kimekaa. Nimejifunza kutumia kompresa, mashine yake ya kusukuma hewa, na kipulizio chake kidogo cha rangi. Rangi inazimuliwa mpaka iwe laini kama maziwa, la sivyo inatema madoa. Kijani kwanza, mabaka meusimeusi juu yake, na tumboni bluu ya mawingu. Kila hatua lazima nimsimulie. "Eleza ulichofanya. Mstari umepita wapi? Baka la mbawa ya kulia lina umbo gani?" Ananisimamisha hapo kama mtoto wa darasa la tatu aliyekosa hesabu. Nikimaliza anaichukua, anaipitisha vidoleni taratibu kama anayechambua mchele, halafu anairudisha bila kusema ahsante.

25 Oktoba

Joto. Umeme umekatika, kompresa haifanyi kazi. Tumekaa vyumba tofauti siku nzima.

28 Oktoba

Nimeenda saluni kwa Sharifa, pale barabara kuu. Tulisoma naye, na katika mji huu ndiye mtu pekee anayefurahi kuniona. Nilihitaji spirei ya nywele. Unapulizia spirei juu ya kijani, ikikauka unapaka nyeupe, kisha unalowesha brashi na kusugua. Maji yanayeyusha spirei iliyo chini na nyeupe inabanduka vipande vipande.

"Shoga, unamsuka nani?" Sharifa akauliza. Nilipomwambia akacheka mpaka mteja wake akageuka na rola kichwani. Kisha akasema, "Mzee wako siku hizi hatoki kabisa. Zamani alikuwa hapiti hapa bila kunitania." Nikamwambia ana bahati.

2 Novemba

Nimepaka nyeupe yote na nimeichakaza. Sijawahi kuona theluji, lakini chokaa iliyochakaa naijua vizuri. Nimekua nikiiona kila nyumba. Nilisugua chini zaidi kuliko juu, halafu nikarushia kijirangi chekundu kutoka chini kwenda juu, pale mvua inapopiga ardhi na kurusha matope ukutani. Ilipendeza. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno nitakayomwambia akishanijibu.

Nikamsimulia. Alicheka, na sikumbuki lini nilimsikia akicheka.

"Hilo ni jiko la Gonja, si ndege! Matope yatoke wapi? Kule ardhi imeganda, ukipiga sururu inaruka. Ndege haichakai kama nyumba, mama. Inachakaa pale inaposhikwa. Fundi anakanyaga wapi akipanda? Mafuta yanamwagikia wapi? Vifuniko vya injini vinafunguliwa kila asubuhi. Upepo unakula ukingo wa mbele wa mbawa. Futa. Anza upya."

Nimefuta. Nimelia kidogo, kwa hasira tu, na nimejichukia kwa kulia.

9 Novemba

Nimerudia. Amepitisha vidole. "Nyeupe bado nyingi. Futa."

11 Novemba

Mawingu yamefunika milima tangu juzi, huku chini bado vumbi. Jirani amekuja kumsalimia, Baba ameongea naye kwa heshima na vicheko kutwa nzima. Sauti hiyo hajawahi kunipa mimi.

15 Novemba

Vuli imeshuka hatimaye. Imepiga tangu alfajiri, mtaro umefurika, watu wote mtaani wana furaha kasoro mimi, kwa sababu rangi haikauki. Hewa ikiwa na maji, nyeupe inakuwa na ukungu kama jicho la mbuzi mzee. Nimeifuta mwenyewe kabla hajaniambia.

Baba ananisomesha gazeti kila jioni. Miwani yake haina nguvu, anadai. Nikimwambia aende akapimwe nyingine, ananuna. Leo nilisoma ukurasa mzima kwa sauti ya kulipiza kisasi, haraka haraka bila nukta, na bado aliniambia nisome matangazo ya vifo.

18 Novemba

Sasa nimetumia chumvi. Unalowesha kijani, unanyunyiza chembe za chumvi pale unapotaka pabanduke, unapaka nyeupe juu, ikikauka unaipangusa chumvi na kijani kinabaki kimetokeza. Niliweka chumvi kwenye shina la mbawa ya kushoto, hapo fundi anapokanyaga. Niliweka kuzunguka injini, nikaweka ukingoni. Nyuma ya mabomba ya moshi nimepaka masizi niliyokwangua kwenye sufuria, yakakolea vizuri. Kusema kweli sijawahi kufanya kitu kwa mikono yangu kikatoka vizuri namna ile. Nilimpelekea mbiombio, mimi mtu mzima.

Akapitisha vidole. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nyeupe bado nyingi. Futa."

"Wapi?"

"Kote."

"Baba, hebu nionyeshe wapi."

"Ukiwa fundi hutauliza wapi."

Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua. Namchukia. Naliandika hapa wazi kwa sababu ni kweli: namchukia mzee huyu, na sasa naelewa kwamba hana nia ya kunijibu hata siku moja. Ananichezea.

20 Novemba

Rodgers amepiga simu kutoka Dar. Anakuja Krismasi na familia. Kama Baba amezeeka kiasi cha kushindwa kukaa peke yake, amesema, atamchukua akaishi naye ghorofani kwake, nyumba ya Same ifungwe. "Anaendeleaje?" akaniuliza. Nikasema, "Mzima kama jiwe."

Baba alikuwa mlangoni anasikiliza. Simu ilipokatika akauliza Rodgers amesema nini. Nikamwambia. Nilimwona akishika fremu ya mlango kwa nguvu, na sikujali.

24 Novemba, Jumapili

Niandike polepole.

Sikwenda kanisani. Ndege ya mezani nilikuwa sijaigusa tangu ile siku ya chumvi. Kwenye rafu ya juu kuna nyingine kama hiyo hiyo, aina ile ile, umbo lile lile. Aliipaka yeye mwenyewe miaka mingi iliyopita, kwa rangi za kiangazi. Ni kijani na mabaka, haina nyeupe hata ya ncha ya sindano. Nikaona dawa yake ni hiyo. Nikaichukua, nikaipangusa vumbi, nikampelekea sebuleni. Nilitaka akasirike. Nilitaka aseme "unaniletea uchafu gani," nami nimwambie hiyo ni kazi yake mwenyewe, aikatae na hiyo basi, tujue moja.

"Hii hapa," nikasema. "Nimeirudia. Kila kitu ulichosema nimefanya."

Akainyoosha kuelekea dirishani, kwenye mwanga. Akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia. Akapitisha vidole kwenye mbawa.

"Umeanza kuelewa," akasema. "Lakini nyeupe bado nyingi. Hasa hapa mbawani. Futa."

Nilisimama hapo. Nadhani nilisema "sawa." Nikaipokea ile ndege ya kijani, nikairudisha rafuni. Nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda, na sufuria ya chai ikachemka mpaka ikakauka.

25 Novemba

Namtazama. Anajua nyumba hii kama mfuko wa suruali yake. Anahesabu kwa bega: bega likigusa kabati, anakata kulia. Kijiko anakitafuta kwa kidole gumba. Kikombe hakishiki mpaka akisikie kimetua mezani. "Nani huyo" ya siku ile kibarazani. Gazeti. Miwani.

26 Novemba

Nimehamisha kiti nikakiweka kwenye njia yake ya kwenda chooni. Amejigonga goti, akaanguka kwa mkono mmoja, akasema kwa Kipare neno ambalo sitaliandika. Halafu akainuka na kusema kwa sauti kubwa kwamba sakafu inateleza. Hakuna sakafu iliyoteleza. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale alipoanguka, nikashikilia pumzi ili asijue kwamba nipo.

Nimekirudisha kiti.

1 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nyumba yetu ni ya mabati bila dari sebuleni, na vuli ikipiga hapa mtu hawezi kusikia mawazo yake. Ndiyo maana yote tuliyoambiana leo tumeambiana kwa kupiga kelele. Majirani wangesikia kila neno kama wao pia wasingekuwa chini ya mabati.

Nilikaa mbele yake nikasema, "Baba, ile ndege ya Jumapili iliyopita ilikuwa ya rangi gani?"

"Nini?"

"Nimesema, ndege niliyokuletea ilikuwa ya rangi gani!"

"Nyeupe!"

"Ilikuwa ya kijani, Baba! Ni ile yako ya kiangazi! Haina nyeupe!"

Maji yakawa yanapita nje mlangoni yamebeba majani. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani kwa uangalifu wote ule wa bure.

"Tangu lini?" nikapaza.

"Presha ya macho. Nilipimwa Moshi, zamani. Waliniambia kilichokwenda hakirudi. La kushoto lilitangulia. Mwaka jana kwenye Krismasi, la kulia nalo. Naona mwanga. Dirisha naliona."

"Na Rodgers hajui."

"Hajui mtu! Rodgers akijua ananipandisha ghorofani. Nitakaa pale kama mzigo, sijui mlango uko wapi wala choo kiko wapi. Hapa najua. Hapa mimi ni mtu!"

Kumbe alinifutisha rangi wiki zote hizi kwa sababu siku ndege itakapokwisha mimi ningeondoka, na akiwa peke yake angejulikana. Nikamwambia hivyo usoni. Akatikisa kichwa kukubali, bila aibu. Nilitamani kumrushia kikombe.

"Na Mama?" nikasema. "Ulikuwa huoni, sawa. Basi lina kondakta. Ungeshikwa mkono. Rodgers angekuleta."

"Mama yako alinikataza!"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie.

"Alijua! Alikuwa mtu pekee anayejua. Nilimpigia simu nikamwambia napanda kesho. Akasema usije. Akasema ukija wodini utajigonga vitanda, watoto wataona, na mimi nikifa hawatakuacha nyumbani kwako hata mwezi. Akasema, nitawaambia una kazi. Nikamwambia, Agatha, mimi nakuja. Akasema ukija sitakusamehe."

Akapangusa uso kwa kiganja. Sijui kama alikuwa analia, mvua ilikuwa inapenya dirishani.

"Kaburini nilisimama mbali kwa sababu sikujua shimo linaanzia wapi. Niliogopa kutumbukia, Jenifer. Mbele ya watu wote."

Nimekuwa na hasira hii tangu Machi. Nimeilea, nimeilisha, nimekuja nayo kwenye basi kutoka Arusha. Leo naambiwa Mama ndiye aliyeitengeneza, akaniwekea kichwani kwa mkono wake nikiwa nimemshikilia. Nilitaka kumwonea Baba huruma. Badala yake nikapaza sauti kuliko mvua.

"Macho ndiyo yaliyokufa, Baba! Mdomo haukufa! Mngesema! Wote wawili mngesema, tungewakutanisha, angekufa umemshika mkono!"

Alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu aliinama.

"Usimwambie Rodgers," akasema baadaye, mvua ilipopungua, kwa sauti ya kawaida. Ilikuwa amri. Nimemjibu kwamba sitoi ahadi.

3 Desemba

Nimeshapata jibu langu. Begi liko mlangoni. Sijui kwa nini liko mlangoni tu.

5 Desemba

Nimemweleza Sharifa yote. Ameacha kusuka, amekaa. Kisha akasema, "Hao wazazi wako wamependana vibaya." Halafu akaniuliza nitaondoka lini. Nimemwambia namalizia ndege kwanza. Akaniangalia kwenye kioo, akarudi kusuka.

10 Desemba

Namalizia kwa ajili yangu. Hakuna wa kuniambia nifute. Spirei, nyeupe, brashi yenye maji. Nimegundua kinachoharibu ni pupa: unasugua mara moja unaacha, unatazama, unasugua tena. Mstari mwembamba wa kijani kwenye ukingo wa mbawa umenichukua asubuhi nzima.

Baba alikuja akakaa karibu, akawa anainusa rangi. Akasema, "Shina la mbawa ya kushoto umeshafanya?" Nikasema bado. Akanyoosha mkono. Sikutaka kumpa. Nikashika kidole chake gumba, nikakilowesha, nikakiweka pale pale fundi anapokanyaga, naye akasugua. Alisugua mno. Kijani kikatoka chote, na chini yake plastiki ikaonekana.

"Umeharibu," nikamwambia.

"Mafundi wa Kirusi walikuwa wanene," akasema.

Nilicheka kabla sijajizuia. Nimekasirika mpaka sasa.

14 Desemba

Imekwisha. Aliniuliza ikoje. Nikamwambia ni ndege nyeupe iliyochoka, ina masizi ubavuni na shimo la fundi mnene mbawani. Akasema, "Ndiyo yenyewe." Sijui kama ndiyo yenyewe. Hata yeye hajui.

19 Desemba

Amerudia mara tatu leo, nisimwambie Rodgers. Ananipangia hata uongo wa kusema. Tutakaa vipi mezani, nani atampakulia, nitamnong'oneza vipi majina ya wajukuu. Anauongea kwa furaha kama mtu anayepanga harusi. Nilimsikiliza nikamwona Mama kitandani, naye akipanga hivyo hivyo, na damu ikanichemka.

22 Desemba

Rodgers amefika saa saba mchana. Hata hajazima gari, nikamwendea getini.

"Baba haoni," nikasema. "Ni kipofu. Tangu mwaka jana."

Rodgers aliangalia kibarazani. Baba alikuwa amesimama pale amevaa shati lake la kanisani na miwani, anatabasamu upande ambao gari halikuwepo. Alikuwa amenisikia. Tabasamu lilikaa kidogo halafu likatoka.

Akageuka akaingia ndani, bega kwenye kabati, akafunga mlango wa chumba cha ndege kwa ufunguo.

24 Desemba

Hasemi na mimi. Anasema na kila mtu, hata na mtoto mdogo wa Rodgers ambaye hajajua kuongea. Rodgers amelia, amegomba, ameniuliza mara mia nilijua lini. Nimemwambia ukweli wote, pamoja na maneno ya Mama. Rodgers pia alikuwa hasalimiani na Baba vizuri tangu mazishi.

26 Desemba

Baada ya chakula, Rodgers akasema, "Baba, tarehe mbili tunaondoka wote. Chumba chako kipo tayari."

"Siendi," Baba akasema. "Nakaa hapa na Jenifer."

Wote wakaniangalia. Wifi yangu akaweka chini bakuli alilokuwa ameshika.

"Dada, mmeshakubaliana?" Rodgers akauliza.

"Mimi sijaulizwa."

"Wewe ni mtoto wangu," Baba akasema, "nikuulize nini?"

"Basi nenda Dar," nikasema. Nikainuka nikaenda jiko la nje, nikasimama karibu na mlango wake nikijifanya natafuta kuni.

Kutoka mlango wa nyuma hadi jikoni ni uwanja mtupu. Hakuna ukuta, hakuna kabati, na mvua ilikuwa imeuacha na matope. Miezi yote niliyokaa hapa sijamwona akiuvuka. Nikasikia mlango. Baba alitoka bila fimbo. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, wazi kabisa, vidole vimetawanyika, kama kipofu anavyotembea, wajukuu wanamwona, Rodgers yuko mlangoni, jirani yuko kwenye ua wake anaanua nguo. Alipapasa hewa akaja hatua kwa hatua, ndala moja ikabaki kwenye matope, akaendelea bila hiyo. Rodgers alitaka kumkimbilia, nikamwonyesha kwa mkono asubiri.

Alipitiliza. Alifika kwenye tangi la maji, akaligusa, nadhani alifikiri ni ukuta wa jiko na mimi niko mbele yake. Akasimama wima kama mwanajeshi.

"Jenifer," akaliambia tangi. "Utakaa na mimi?"

"Niko huku, Baba."

Akageuka. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo.

"Utakaa na mimi?"

Ningesema ndiyo pale pale. Ningesema hapana pia, vyote vilikuwa mdomoni.

"Sijui," nikamwambia. "Niulize kesho."

27 Desemba

Ameuliza. Nimemwambia kesho.

28 Desemba

Ameuliza kabla ya chai. Kesho, nimesema. Wifi anadhani mimi ni mkatili, na amenifikishia hivyo kupitia watoto.

30 Desemba

Ameuliza mbele ya mchungaji aliyekuja kutusalimia. Kesho.

2 Januari

Rodgers ameondoka na familia yake saa moja. Baba hayumo garini. Rodgers aliniambia dirishani, "Nipigie ukishaamua," nikamwambia sawa.

Sasa ni saa nne na leo hajaniuliza bado. Yuko kibarazani na redio yake. Nimemwekea chai, nimefagia uwanja, nimepita mbele yake mara mbili nikikokota ndala makusudi ili ajue ni mimi. Aulize basi.